Daktari mtafiti wa imunotherapi ya saratani: namna ya kuijenga kazi hii kuanzia wodini

Daktari mtafiti ana madawati mawili. Jumatatu yuko kliniki, anamwona mama ambaye uvimbe wa shingo ya kizazi umekataa kupungua hata baada ya tiba kukamilika. Jumatano yuko maabara, anaitafuta sababu ndani ya damu ya mama yuleyule. Mwongozo huu ni wa daktari kijana wa Afrika Mashariki, aliyemaliza utarajali au aliye kwenye MMed (mafunzo ya ubingwa), anayetaka kuyashika madawati hayo yote mawili katika imunotherapi ya saratani.

Tuanze na jina. Imunotherapi ni matibabu yanayoiwezesha kinga ya mwili kuishambulia saratani. Usiiite tiba kinga mbele ya mgonjwa. Kliniki za kifua kikuu zinatumia jina hilo kwa dawa anazopewa mtu asiyeugua ili asije akaugua, na mgonjwa akilisikia ataelewa hivyo. Fomu ya ridhaa yenye neno hilo ina kasoro tangu sentensi ya kwanza.

Msingi wa kisayansi unaweza kuusoma kwa wiki chache, kwa hiyo tutaupitia haraka. Seli T ndizo askari wanaoua seli zilizoharibika, na zina breki ili zisiushambulie mwili wenyewe. Tasuku Honjo na wenzake wa Kyoto waliigundua PD-1, ambayo baadaye ilijulikana kuwa moja ya breki hizo, mwaka 1992. James Allison alionyesha mwaka 1996 kwamba kuizuia breki nyingine, CTLA-4, huwafanya panya waukatae uvimbe. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Marekani iliidhinisha ipilimumabu, inayoizuia CTLA-4, mwaka 2011 na pembrolizumabu, inayoizuia PD-1, mwaka 2014. Njia nyingine ni CAR-T: seli T za mgonjwa hutolewa, hupandikizwa kipokezi kipya maabara, kisha hurudishwa mwilini mwake. Ya kwanza iliidhinishwa mwaka 2017.

Ukanda wetu umo ndani ya historia hii, na kila anayeingia kazini anapaswa kujua umo kwa namna gani. Denis Burkitt alieleza uvimbe wa taya za watoto akiwa Mulago, Kampala, mwaka 1958. Sampuli za uvimbe huo zilipelekwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr wakatangaza kirusi tunachokiita leo EBV. Wagonjwa walikuwa Uganda, jibu likapatikana Uingereza. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967, na tangu hapo safari ya kuyaleta maswali na majibu chini ya paa moja inaendelea. Kazi unayotaka kuijenga ni sehemu ya safari hiyo.

Chagua ugonjwa kabla ya kuchagua mashine

Kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote ni daktari kuipenda teknolojia, iwe CAR-T au kusoma jeni, halafu akaanza kuitafutia ugonjwa. Geuza mpangilio. Tafuta saratani yenye wagonjwa wa kutosha kwenye kliniki yako mwenyewe, na yenye kitu ambacho seli T zinaweza kukitambua kuwa ni kigeni.

Saratani ya shingo ya kizazi inatimiza yote mawili. Seli zake hubeba protini za kirusi cha HPV ziitwazo E6 na E7, ambazo hazimo kwenye seli nzima za mwili. Saratani ya Kaposi ina kirusi chake, na inakulazimisha kuielewa VVU kwa undani. Saratani ya umio ni mzigo mkubwa kwenye ukanda unaopita Kenya na kushuka hadi kusini mwa Afrika, na bado haijapata watafiti wa kutosha. Limfoma ya Burkitt, ule uvimbe wa taya za watoto, inavutia, ila ina mtego: seli zake huonyesha protini chache sana za EBV, karibu EBNA1 peke yake, na hivyo hujificha mbele ya seli T. Anayeanza na Burkitt akitarajia mwitikio mkubwa wa kinga atapoteza mwaka mzima kupima kitu kisichoonekana.

Swali lako liandike kwa sentensi moja yenye mgonjwa, kipimo, na wakati. Mfano: kwa wanawake wenye saratani ya shingo ya kizazi hatua ya IIB hadi IIIB wanaotibiwa kwa mionzi na sisplatini, je, wingi wa seli T zinazoitambua E7 kabla ya tiba unahusiana na uvimbe kutoweka miezi 3 baada ya tiba? Swali hili halihitaji dawa mpya, halibadilishi matibabu ya mtu yeyote, na linajibika kwa mililita 20 za damu. Ndiyo sababu linafaa kwa mtu anayeanza.

Kisha piga hesabu ya wagonjwa kwa mkono. Kaa na rejesta ya kliniki ya miezi 3 iliyopita, uhesabu wanaotimiza vigezo, usikisie. Wakiwa 5 kwa wiki na nusu yao wakikubali, utapata wagonjwa 40 ndani ya wiki 16. Punguza tena wale watakaorudi mkoani kabla ya kipimo cha mwisho kwa kukosa nauli. Ikiwa nauli haimo kwenye bajeti, jibu lako litakosa wagonjwa maskini zaidi, yaani wale ambao huenda ugonjwa wao ulikuwa mbaya zaidi, na takwimu zako zitadanganya bila wewe kukusudia.

Yapo pia maswali ya dozi na gharama, na haya tunayapenda kwa sababu yanaweza kuwafikia wagonjwa mapema. Hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai ililinganisha tiba ya vidonge kwa saratani za kichwa na shingo na tiba hiyohiyo ikiongezwa nivolumabu, dawa nyingine inayoizuia PD-1, miligramu 20 kila wiki 3. Dozi ya kawaida ni miligramu 240 kila wiki 2, kwa hiyo kwa wiki mgonjwa alipata kiasi cha asilimia 6 tu ya ile ya kawaida. Walioishi mwaka mmoja walikuwa asilimia 43.4 kwa waliopata dawa, na asilimia 16.3 kwa wasioipata. Wazo lilitokana na ukweli kwamba dawa hizi hushika PD-1 karibu yote hata kwa kiwango kidogo. Madaktari waliolifanyia kazi walikuwa wakiwaona wagonjwa wasiomudu bei. Mazingira ya kliniki zetu ni hayohayo.

Miaka, na milango ya nje

Hesabu ya Tanzania ni MD miaka 5, utarajali mwaka 1, MMed kuanzia miaka 3 kutegemea fani, na uzamivu miaka 3 hadi 4 ukienda vizuri. Hiyo ni miaka 12 hadi 13 bila kuhesabu miaka ya kazi katikati. Uganda inafanana na hiyo, na Kenya MBChB huchukua muda zaidi kidogo.

Watu wengi huuliza kama uzamivu ufanywe kabla au baada ya MMed. Kwa mazingira yetu tunashauri baada. Bingwa ana kliniki yake, ana sauti kwenye kikao cha idara, na anaweza kuamua sampuli ichukuliwe lini. Aliyefanya uzamivu mapema hurudi wodini kama mwanafunzi, na ndani ya miaka 3 ya raundi na zamu za usiku, maabara humpita.

Tasnifu ya MMed ndiyo nafasi inayopotezwa zaidi. Badala ya kuhoji watu 200 kuhusu uelewa wao wa ugonjwa, tumia mwaka huo kujenga orodha safi ya wagonjwa wa saratani moja: hatua ya ugonjwa, hali ya VVU na CD4, tiba waliyopata, na walioishi. Orodha hiyo itakuwa mgongo wa ombi lako la kwanza la ufadhili.

Ukitaka kwenda Marekani, fahamu kwamba kuna milango miwili isiyofanana. Wa kwanza ni mafunzo ya ubingwa: mtihani wa udaktari wa USMLE, cheti cha ECFMG cha daktari aliyesoma nje ya Marekani, na mara nyingi viza ya J-1, inayokutaka urudi nyumbani miaka 2 baada ya mafunzo kabla ya kuomba ukaazi. Wa pili ni nafasi ya utafiti maabara, ambayo haihitaji USMLE lakini hairuhusu kumgusa mgonjwa. Ufadhili wa K08 na K23, wa kumjenga daktari mtafiti kutoka taasisi za afya za Marekani (NIH), ni kwa raia na wakaazi wa kudumu. K99 haina sharti hilo. Kwa aliye nyumbani, K43 ya Kituo cha Fogarty imetengenezwa kwa watafiti wa nchi zetu. Soma tangazo la mwaka husika mstari kwa mstari, maana masharti hubadilika, na anza usajili wa chuo chako kwenye mifumo yao miezi kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho. Maombi mazuri hukwama kwenye usajili.

Muda uliolindwa, kwa maandishi

Hakuna kinachoiua kazi hii kama ukosefu wa muda. Ufadhili wa K wa Marekani hudai asilimia 75 ya muda wako iwe utafiti. Uingereza, mafunzo ya kwanza ya daktari mtaaluma hutenga asilimia 25. Hospitali ya rufaa ya kwetu, yenye bingwa mmoja au wawili wa fani yako, haitakupa asilimia 75, na ukiidai utaonekana unawakimbia wagonjwa. Omba siku 2 kamili kwa wiki, mfululizo ikiwezekana. Nusu siku nne hazilingani na siku mbili, kwa sababu kutenganisha seli kutoka kwenye damu na kuzigandisha huchukua saa 3 hadi 4, na kipimo cha seli zilizogandishwa huchukua siku 2.

Barua ya makubaliano iwe na mambo haya: siku zenyewe kwa majina, jina la anayekukaimu wodini siku hizo, chanzo cha malipo yake, muda wa makubaliano, na sahihi ya mkuu wa idara pamoja na mkurugenzi. Neno «kadiri hali itakavyoruhusu» likiingia, barua imekufa, kwa sababu hali ya wodi haiwahi kuruhusu. Ufadhili ukilipa sehemu ya mshahara wa anayekukaimu, idara inapata mtu, na siku zako zinaheshimiwa bila ugomvi.

Damu: stadi ya kwanza ya mkono

Hata ukiwa na mtaalamu wa maabara, jifunze kazi hii wewe mwenyewe hadi uifanye bila karatasi. Usipoijua hutatambua sampuli mbovu, na sampuli mbovu hutoa namba zinazoonekana nzuri.

Anza hesabu kutoka mwisho. Tuseme unataka kupima mwitikio wa seli T kwa ELISpoti (kipimo kinachohesabu seli zinazoitikia), ukitumia antijeni 3, yaani protini za kuzichokoza seli hizo, kidhibiti hasi na kidhibiti chanya, kila kimoja mara 3. Hivyo ni visima 15, kila kimoja seli 200,000, jumla milioni 3. Ongeza milioni 2 za kuhesabu aina za seli kwa mashine ya flo, inayozipima seli moja moja. Unahitaji milioni 5 zilizo hai baada ya kuyeyusha. Kwa kuwa sehemu kubwa hupotea kwenye kugandisha na kuosha, gandisha milioni 10. Mililita 1 ya damu hutoa seli milioni 1 hadi 2 kwa mtu mwenye afya, lakini mgonjwa aliyeanza kemo au mionzi anaweza kutoa nusu ya hapo. Ndipo mililita 20 zinapotoka. Mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi mara nyingi ana upungufu wa damu, hivyo angalia himoglobini kabla ya kumchoma sindano, na asiyefaa mwache.

Tumia mirija ya heparini ya sodiamu, ya kifuniko cha kijani, uigeuze taratibu mara 8 hadi 10. Damu ikae kwenye joto la chumba, nyuzi 18 hadi 25, na ifanyiwe kazi ndani ya saa 8. Usiiweke kwenye barafu wala friji. Watu wengi huiweka wakidhani wanaihifadhi. Damu iliyopoa au iliyokaa sana hufanya granulosaiti (aina ya chembe nyeupe) zibadilike uzito na kubaki kwenye tabaka unalolitaka, na zikishaingia humo huudhoofisha mwitikio wa seli T. Utadhani kinga ya mgonjwa imechoka, kumbe damu ilichelewa.

Changanya damu na PBS (maji ya chumvi yenye bafa) kiasi sawa kwa sawa. Weka mililita 15 za Ficoll (kimiminika kizito kinachozitenganisha seli) yenye uzito wa gramu 1.077 kwa mililita ndani ya mrija wa mililita 50, ikiwa na joto la chumba. Inamisha mrija, kisha mwaga juu yake mililita 30 hadi 35 za damu iliyochanganywa, kwa pipeti iliyogusa ukuta wa mrija, polepole hadi uone mstari mkali kati ya damu na Ficoll. Zungusha kwa g 400, dakika 30, nyuzi 20, breki ya sentrifuji ikiwa imezimwa. Breki ikiwa imewashwa tabaka huchanganyika dakika ya mwisho na kazi yote inaharibika.

Angalizo kuhusu g, yaani nguvu ya mzunguko: mashine nyingi za hospitali zimeandikwa mizunguko kwa dakika, na mizunguko ileile hutoa nguvu tofauti kwenye mashine tofauti. Nguvu ni 0.00001118 mara nusu kipenyo cha rota kwa sentimita, mara mizunguko kwa dakika iliyozidishwa yenyewe. Kwa rota ya sentimita 17, g 400 ni mizunguko karibu 1,450. Kwa ya sentimita 10 ni karibu 1,890. Pima rota kwa rula, andika jibu kwenye kibandiko, ukibandike kwenye mashine.

Utaona plazma ya njano juu, chini yake pete nyeupe yenye ukungu, kisha Ficoll, na chembe nyekundu chini kabisa. Ivute ile pete kwa pipeti bila kuchukua Ficoll nyingi. Osha kwa PBS, g 300, dakika 10. Osha tena kwa g 200, dakika 10, ili chembe sahani zibaki juu na kumwagwa. Hesabu seli kwa tripani ya bluu (rangi inayoingia seli zilizokufa), kiasi sawa kwa sawa. Zilizo hai zinapaswa kufika asilimia 95. Pete isipoonekana, mara nyingi Ficoll ilikuwa ya baridi au damu ilikaa usiku kucha.

Kugandisha: seli milioni 5 hadi 10 kwa mililita, ndani ya seramu ya ndama asilimia 90 na DMSO (kemikali inayozilinda seli zisiharibiwe na barafu) asilimia 10, mchanganyiko ukiwa baridi. DMSO ni sumu kwa seli zikiwa kwenye joto, kwa hiyo ukishaiweka, vichupa viwe ndani ya friza kabla ya dakika 10. Tumia chombo cha isopropanoli kinachoshusha nyuzi 1 kwa dakika ndani ya friza ya −80. Vihamishie kwenye nitrojeni kesho yake, au ndani ya siku 3 ukichelewa sana. Badilisha isopropanoli baada ya matumizi 5, maana hunyonya maji na kuacha kupoza sawasawa.

Kuyeyusha ni kinyume: haraka. Nyuzi 37 hadi kibaki kipande kidogo cha barafu, kisha ongeza maji ya lishe ya seli yenye joto tone kwa tone, mililita 10, uzungushe g 300 kwa dakika 10, na uziache seli zipumzike usiku mmoja kabla ya ELISpoti. Zilizo hai zikiwa chini ya asilimia 70, usipime. Namba utakayoipata haitamaanisha chochote.

Umeme ukikatika, friza ya −80 isifunguliwe hata kwa sekunde ya kuchungulia. Nitrojeni ipimwe kwa rula ya mbao kila Jumatatu na Ijumaa, na kiwango kiandikwe daftarini na mtu mwenye jina. Tangi huisha wakati wa sikukuu ndefu, pale kila mmoja anapodhani mwenzake amejaza.

Kinyama kwenye fomalini

Vipimo vya PD-L1, protini inayoikanyaga breki ya PD-1, huanza kuharibika chumba cha upasuaji. Kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kiingie kwenye fomalini ndani ya saa 1, kipande kisizidi unene wa milimita 5, fomalini iwe mara 10 ya ujazo wake, na kikae saa 24; chini ya 6 au zaidi ya 72 ni hasara. Fomalini isiyo na bafa hugeuka asidi na kukata DNA vipande. Lita moja iliyo sahihi ina mililita 100 za formaldihaidi ya asilimia 37 hadi 40, mililita 900 za maji, gramu 4 za fosfeti ya sodiamu ya haidrojeni mbili yenye molekuli moja ya maji, na gramu 6.5 za fosfeti ya sodiamu mbili isiyo na maji. Itengeneze wewe, uipeleke theatre ikiwa kwenye chupa zilizobandikwa nafasi ya kuandika saa. Muuguzi akiandika saa ya kukata na saa ya kuzamisha, umeokoa kazi ya mwaka.

Kwa shingo ya kizazi alama inayotumika ni CPS: seli za saratani, limfosaiti na makrofaji zenye PD-L1, zikigawanywa kwa seli zote hai za saratani, mara 100. Zinatakiwa angalau seli 100 za saratani kwenye slaidi. Slaidi zilizokatwa na kukaa miezi hufifia, kwa hiyo hifadhi bloku ya nta yenye kinyama, ukate siku ya kupima.

Ruhusa

Tanzania: kamati ya maadili ya taasisi yako, kisha NIMR (taasisi ya utafiti wa tiba), na TMDA (mamlaka ya dawa) kama kuna dawa ya majaribio. Mtafiti mgeni anahitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kenya: kamati iliyoidhinishwa, NACOSTI (tume ya sayansi), na Bodi ya Dawa na Sumu. Uganda: kamati, UNCST (baraza la sayansi), na NDA (mamlaka ya dawa). Panga miezi 6 hadi 12, na katika muda huo fanya mazoezi ya damu kwa njia iliyoruhusiwa na kamati.

Fomu ya ridhaa itenganishe visanduku vitatu: kupimwa sasa, kuhifadhi mabaki kwa utafiti wa baadaye, na kupeleka nje ya nchi. Mgonjwa aweze kukubali cha kwanza na kukataa cha tatu. Ukivifunga pamoja, siku utakapotaka kupima kitu kipya utalazimika kuwatafuta watu ambao wengine wao wameshafariki, na familia zao zitauliza ulikuwa unafanya nini na damu ya marehemu.

Madhara: hapa udaktari hauachiwi mtu mwingine

Kwenye jaribio la dawa hizi, wewe ndiwe utakayepigiwa simu usiku. Kinga ikiondolewa breki hushambulia kiungo chochote. Ngozi huanza ndani ya wiki chache, utumbo mpana kwa kawaida wiki ya 6 hadi 8, tezi baadaye, na vyote vinaweza kutokea hata miezi baada ya dawa kusimamishwa. Katika jaribio moja kubwa la melanoma, ipilimumabu na nivolumabu pamoja zilileta madhara makali ya daraja la 3 au 4 kwa asilimia 59 ya wagonjwa.

Daraja la 2: simamisha dawa, prednisoloni miligramu 0.5 hadi 1 kwa kilo kwa siku. Daraja la 3 na 4: miligramu 1 hadi 2 kwa kilo kwa siku, mgonjwa akiwa amelazwa, kisha ishushwe kwa wiki 4 hadi 6. Kushusha haraka ndilo kosa la kawaida, na ugonjwa hurudi ukiwa mkali zaidi. Steroidi zikiendelea wiki 4 kwa zaidi ya miligramu 20 kwa siku, ongeza kotrimoksazoli. Kuharisha kusipopungua ndani ya siku 3 hadi 5, infliximabu hufikiriwa, lakini ini likiwa ndilo lililovimba usiitumie. Hapo ni maikofenoleti. Tezi ya pituitari ikiathirika, mpe haidrokotisoni kabla ya dawa ya thairoidi. Ukibadilisha mpangilio huo unaweza kumwangusha mgonjwa kwa shoki ya adrenali. Maumivu ya kifua au uchovu wa ghafla: troponini na ECG siku hiyohiyo, kwa sababu moyo kuvimba ni nadra lakini huua.

Miongozo ya Ulaya na Marekani haikai sana kwenye mambo yanayotuhusu sisi. Kabla ya dozi ya kwanza chunguza kifua kikuu kwa dalili na eksirei, pima homa ya ini B, na fikiria minyoo ya strongiloidi: steroidi za dozi kubwa huiachia isambae mwilini. Ivermektini mikrogramu 200 kwa kilo ni kinga rahisi sana kwa hatari kubwa hivyo. VVU si sababu ya kumtoa mgonjwa kwenye utafiti. Jaribio la pembrolizumabu lililowahusisha wenye CD4 kuanzia 100 na wanaotumia ARV lilionyesha usalama unaokubalika, ingawa mgonjwa mmoja alifariki kwa ugonjwa uliochochewa na kirusi cha Kaposi. Kwa hiyo mwenye Kaposi anahitaji uangalizi wa karibu zaidi.

Tukio kubwa huripotiwa kwa mfadhili ndani ya saa 24 za wewe kulijua. Lisilotarajiwa, linalohusishwa na dawa na linalotishia maisha, hufika kwa mamlaka ndani ya siku 7. Na uvimbe ukionekana umekua kwenye CT ya kwanza huku mgonjwa anajisikia vizuri, usikimbilie kumtoa. iRECIST, kanuni za kupima uvimbe kwa wanaopata imunotherapi, inataka uhakikishe kwa picha nyingine baada ya wiki 4 hadi 8, kwani wakati mwingine ni seli za kinga zilizojaa ndani yake.

Fedha, majina na sampuli zinazosafiri

Bajeti za wanaoanza hujaa vitendanishi na kusahau yanayosimamisha kazi: nitrojeni ya miaka yote, mkataba wa matengenezo ya friza na sentrifuji, barafu kavu, nauli za wagonjwa, mshahara wa mtunza takwimu, na kingamwili za akiba, maana zikikwama bandarini au uwanja wa ndege bila ubaridi zinafika zimekufa. Agiza za aina ileile na namba ileile ya toleo kwa utafiti wote.

Majina ya waandishi yakubaliwe kabla ya sampuli ya kwanza. Aliyebuni swali, akawaandikisha wagonjwa na kuchakata damu, hawi wa katikati ya orodha kwa sababu tu mashine kubwa iko kwingine. Ikibidi sampuli zisafiri, mkataba wa kuhamisha sampuli utaje kipimo kinachoruhusiwa peke yake, jina la mtu wa kwenu atakayesafiri nazo na stadi atakayojifunza, nani anamiliki takwimu, na tarehe ambayo mabaki yatarudishwa au kuharibiwa kwa cheti. Ukiletewa mkataba usio na tarehe hiyo, urudishe bila sahihi.